Mlango wa Ng'ambo ya Barabara

Kidole cha dalali hakikuelekea nyumba ya Loretta.

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita: Loretta Pawlak kasimama barazani kwake, brashi mkononi, rangi nyekundu imemgandia hadi kwenye nyusi, na dalali wake Sheryl Kostecki kanyoosha kidole akisema kwamba nyumba hii haiuziki, na kinachoizuia anakiona kwa macho yake mawili. Loretta akageuza shingo kukifuata kile kidole. Kilipita juu ya majani yake, kikapita sanduku lake jipya la barua, kikavuka barabara, kikatua kwenye nyumba ya mzee Virgil Odom.

"Ile pale," Sheryl akasema.

"Ile siiuzi mimi."

"Najua. Lakini mnunuzi akishamaliza kuisifu nyumba yako, anageuka kwenda kwenye gari lake. Na akigeuka, mama yangu, anakutana na lile kochi."

Loretta akalitazama lile kochi. Lilikaa kwenye baraza ya mzee Odom mvua na theluji, rangi yake imekuwa ya uji uliochacha. Majani ya uwanja wa mzee yalifika magotini. Mlango wake wa mbele ulikuwa wa kahawia, umebambuka maganda kama mtu aliyeunguzwa na jua. Miaka yote hiyo Loretta alikuwa ameshauzoea, kama mtu anavyozoea kikohozi cha mumewe.

Tangu theluji ilipoyeyuka alikuwa akihangaika na nyumba hii. Fedha ya fundi hakuwa nayo, kwa hiyo fundi alikuwa yeye. Kuta alizisugua kwa ufagio na dawa ya kufulia mpaka viwiko vikalia. Maua alinunua yale yaliyonyauka, ambayo duka lilikuwa likiyauza kwa bei ya kuyatupa, akayabembeleza kwa maji na maneno mpaka yakainua vichwa. Majani aliyawekea mbolea kwa mkono wa ukarimu mno, yakaungua mistari mistari, uwanja ukawa kama ngozi ya punda milia. Akaenda na toroli kule ambako manispaa ya Toledo hugawa bure vipande vya mbao vilivyosagwa, akaizika aibu yake chini ya vipande hivyo na kuiita bustani.

Na Mtakatifu Yosefu alikuwa amemzika pia. Parokiani kwao hakuna auzaye nyumba bila kumzika mtakatifu huyo mbele ya nyumba, kichwa chini miguu juu, na kumwahidi kwamba akiuza atamfukua na kumpa mahali pa heshima katika makao mapya. Sheryl mwenyewe ndiye aliyemletea ile sanamu, ya plastiki, ndogo kama kibiriti.

Yote hayo, halafu kochi la jirani.

"Kesho kutwa nakuletea watu," Sheryl akasema akifungua gari. "Mume na mke, mke ni mjamzito, wana haraka. Hawa wakikataa, mimi sina wengine. Ongea na yule mzee."

Kuongea na yule mzee. Rahisi kwa asemaye.

Nyumba hizi mbili zilikuwa zimetazamana zaidi ya miaka arobaini, na wenyewe hawakuwahi kuongea jambo lisilohusu majani yaliyoanguka au theluji iliyosukumwa upande usiostahili. Odom alikuwa Mbatisti, fundi mstaafu wa kiwanda cha vioo, mtu mrefu mwenye goti bovu na ulimi mzima. Kila Loretta alipopita na toroli lake au ndoo yake ya rangi, mzee alikuwa kakaa kwenye lile kochi, akimtazama kama mtu anayetazama mpira.

Kabla hajavuka, simu ikalia. Ilikuwa kutoka Duluth, kule juu Minnesota, kutoka kwenye nyumba ya wazee anakoishi dada yake Bernadine.

Msimamizi alikuwa mwanamke mpole, na habari mbaya alizitoa kwa upole vilevile. Chumba kile kilicho ubavuni mwa chumba cha Bernadine kilikuwa bado kimewekwa kwa jina la Loretta. Lakini kuna familia nyingine inakililia. Wangeweza kukishikilia mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi. Akiwa na uhakika wa nyumba yake kuuzwa, awaambie. Asipokuwa nao, wampe mwingine.

"Nipe dada yangu," Loretta akasema.

Bernadine alikuwa akisahau. Alianza na majina ya vyombo, akaja kwenye siku, sasa alikuwa amefika kwa watu. Loretta bado alimjua, ila kwa muda gani, hakuna daktari aliyethubutu kusema. Ndiyo maana ya haraka yote hii. Loretta hakutaka kufika Duluth akakuta dada anayemwamkia kama mgeni.

Siku hiyo Bernadine alikuwa mchangamfu. Aliuliza habari za paka aliyekufa zamani. Akauliza kama sufuria imetolewa jikoni. Akauliza kama mlango wa njano bado upo.

"Hatujawahi kuwa na mlango wa njano, dada. Wetu ulikuwa mweupe, sasa nimeupaka wekundu."

"Wa njano," Bernadine akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mjinga.

Wauguzi walikuwa wamemwonya Loretta asibishane naye. Akasema ndiyo, upo, na Bernadine akacheka kwa furaha. Loretta akakata simu. Hata huo ucheshi wa dada yake aliuonea uchungu siku hizi.

Basi akavuka barabara.

Mzee Odom alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo pekee lilitosha kumtia mtu wasiwasi. Loretta alimweleza kwa adabu yote aliyokuwa nayo: kwamba angependa kumkatia majani, bure, kumpandia maua aliyobakiwa nayo, bure, kuondoa kochi, bure, na kumkwangulia ule mlango na kuupaka rangi, maana amebakiwa na nusu kopo.

"Kwa hiyo nyumba yako inaumwa, dawa inanywa ya kwangu," mzee akasema.

"Ni majani tu, Bwana Odom."

"Hebu kwanza niambie. Yule mtu uliyemfukia pale kwenye kibao cha kuuza nyumba, keshatoa roho?"

"Ni Mtakatifu Yosefu."

"Baba mlezi wa Bwana Yesu, na ninyi mnamsimamisha kwa kichwa. Mimi ningekuwa yeye, nyumba yako ningeiuza kwa mchwa."

Loretta alikuwa mwanamke wa subira, lakini subira nayo ina goti, huchoka. Akamwambia kama hataki, aseme hataki, ajue. Mzee akajikuna kidevu. Majani amekubali, akasema. Maua nayo, kwa malipo ya sahani ya pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha, ambazo harufu yake humtesa kila Ijumaa ya Kwaresima na hajawahi kuonjeshwa hata moja. Kochi haliondoki, maana ndilo pekee ambalo goti lake linaelewana nalo.

"Na mlango?"

"Mlango uache."

"Mlango ndio unaonekana zaidi kuliko vyote."

"Bibi Pawlak, nimesema mlango uache."

Ndipo Loretta akalipuka. Hakupaza sauti, ulikuwa mlipuko wa chinichini, wa mtu aliyechoka. Alisema yeye haendi kustarehe Arizona kwa binti yake kama watu wanavyodhani. Anakwenda Duluth. Dada yake anamsahau kila siku kipande, na chumba cha ubavuni mwake kinangojea hii nyumba iuzwe, na nyumba haiuzwi kwa sababu ya mlango wa mtu ambaye hata kuufungua haufungui, anapita wa nyuma.

Loretta alifikiri amemtukana kupita kiasi, akaanza kutafuta maneno ya kurudi nyuma.

"Dada yako yupi?"

"Ninaye mmoja tu. Bernadine."

"Anasahau nini?"

"Watu," Loretta akasema. "Mimi bado ananijua."

Mzee Odom aliitazama barabara kwa muda, ingawa hakuna gari lililokuwa likipita. Halafu akashika fimbo yake, akainuka kwa shida.

"Kwangua basi," akasema. "Kwangua."

Loretta hakungoja abadilishe nia. Asubuhi iliyofuata alikuwa huko na kikwanguo na msasa, kitambaa kimemfunika pua. Alikata majani mpaka mashine ikatoa moshi. Alipanga maua kando ya ngazi. Kochi, kwa kuwa halikuruhusiwa kuondoka, alilitandika shuka lake la zamani la mistari ya bluu, akaweka na mito miwili ya kushona mwenyewe, huku akilinong'onezea matusi ya Kipolandi aliyorithi kwa mama yake.

Mlango ndio uliomtoa jasho. Rangi ya kahawia ilikuja kwa maganda makubwa. Chini yake kulikuwa na rangi ya kijivu, ngumu kama mfupa. Na chini ya kijivu, alipokwangua kwa nguvu zaidi, ikatokea njano. Njano ya kiini cha yai, njano ya kung'aa, kama iliyopakwa jana.

Loretta akakasirika. Kila apakaye rangi anajua kwamba njano chini ya nyekundu ni ubishi: itachungulia tu, na nusu kopo lake halitatosha kupaka mara mbili. Akageuka ili amlalamikie mwenye mlango, akamkuta yuko nyuma yake kumbe, amesimama kwenye majani yaliyokatwa, anautazama mlango wake.

"Inatosha hapo," mzee akasema. "Usiiondoe yote."

"Lazima niilainishe, la sivyo..."

"Ipake juu. Usiiondoe."

Akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa nyuma. Loretta akabaki anatikisa kichwa. Watu wengine, hata ukiwasaidia, hawakosi kukupa na mzigo wa kubeba. Akapaka nyekundu juu ya njano, akachanganya na mafuta kidogo ili izidi, na kufikia jioni mlango wa Virgil Odom ulikuwa unametameta mtaa mzima.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Loretta aliamka akaoka biskuti za mdalasini, kwa maana Sheryl alikuwa amemfundisha kwamba mtu hununua nyumba kwa pua kabla hajainunua kwa fedha. Akavaa gauni lake la kanisani. Akafagia ngazi iliyokwisha kufagiwa. Alipopita kwenye kibao cha kuuza, aliinama kidogo akamnong'oneza Yosefu kwamba leo ni leo.

Wakaja. Mume aliitwa Garrett, kijana mwenye miwani, kila ukuta anaugonga kama daktari. Mke aliitwa Joslyn, tumbo mbele, miguu imevimba, uso mwema. Sheryl aliwatembeza kila chumba. Wakasifu jiko. Wakasifu mwanga. Joslyn akala biskuti, akaomba nyingine. Loretta, aliyekuwa amejibanza kwenye kona ya jikoni akijifanya anapangusa sahani, akaanza kuhesabu masanduku kichwani: lipi la nguo, lipi la vyombo, lipi la picha za marehemu Eugene wake.

Halafu wakatoka barazani. Wakashukuru. Wakageuka.

Joslyn akasimama.

Loretta alimwona kwa dirisha la mbele. Mikono ameiweka kiunoni, anatazama ng'ambo ya barabara. Ng'ambo kulikuwa na majani yaliyonyolewa vizuri, maua kando ya ngazi, kochi lenye mistari ya bluu na mito miwili, na mlango mwekundu unaong'aa kwa jua la asubuhi. Na juu yake, ghorofa ya pili yenye madirisha matatu.

"Ile inauzwa?" Joslyn akauliza.

Sheryl alisema hapana. Tumpe haki yake: alisema hapana, tena mara mbili. Lakini Loretta aliona macho yake yanavyozunguka, maana dalali ni dalali, hata akiwa wa parokia moja na wewe.

"Hii nzuri," Garrett akasema kwa haya, akiigusa nguzo ya baraza ya Loretta. "Ila tungependa vyumba vya watoto viwe juu."

Wakavuka. Hawakungoja mtu awavushe. Mzee Odom alikuwa kakaa kwenye kochi kama kawaida yake. Loretta aliwaona wakisalimiana. Aliona mzee akisogea pembeni, na yule binti akikaa, akiegemea ule mto alioushona Loretta, akinyoosha miguu yake iliyovimba na kuvuta pumzi kama mtu aliyefika kwao. Lile kochi. Lile kochi alilotaka kulitia moto.

Kisha mlango mwekundu ukafunguliwa, wakaingia ndani wote.

Walikaa humo kitambo. Harufu ya mdalasini ikageuka kuwa ya moshi, na Loretta akakumbuka sinia ya pili iliyokuwa bado ndani ya jiko. Akaitoa biskuti zikiwa makaa. Ng'ombe wa maskini hazai, walisema wahenga, na hawakusema kwamba siku nyingine huzaa, ila kwa jirani.

Sheryl aliporudi alikuwa mwekundu kama ule mlango.

"Wanaitaka," akasema. "Na yeye hakukataa."

"Hakukataa?"

"Kasema ngazi zimemshinda, goti halimpandishi tena, analala chini sebuleni tangu Krismasi. Kasema atafikiri, na atanipa jibu leo hii hii." Akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa. Halafu akainua uso, kama mtu aliyekumbuka jiko alilosahau kulizima. "Loretta. Yule Yosefu. Ulimwelekeza wapi?"

"Barabarani."

"Barabarani?"

"Ili awaone wanunuzi wanapokuja. Angewavutaje akiwa amewapa kisogo?"

Sheryl akafumba macho.

"Anaelekezwa nyumbani, mpenzi wangu. Nyumbani kwako. Yosefu anauza kile anachokitazama. Kila mtu anajua hilo."

Kila mtu anajua. Maneno mawili matatu ya kumtia mtu wazimu. Mbona hakuna hata mmoja wa hao kila mtu aliyemwambia? Loretta alikuwa ameusafisha uwanja wa mwenzake, akakata majani ya mwenzake, akatandika kochi la mwenzake, akaumalizia mlango wa mwenzake rangi yake ya mwisho, na juu ya hayo yote akamweka mtakatifu mzima aitazame nyumba ya mwenzake usiku na mchana. Kama angeajiriwa kumuuzia Virgil Odom nyumba, asingeifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Sheryl alikwenda zake, akiahidi mambo ambayo hata yeye hakuyaamini. Loretta hakubadili gauni. Alichukua sepetu, akapiga magoti kwenye majani mbele ya kibao, gauni la kanisani na yote, akaanza kuchimba.

Alichimba kwa hasira. Aliwaza ile familia inayokililia chumba. Aliwaza Bernadine akigonga ukuta wa chumba kile, kama walivyokuwa wakigongeana utotoni, na akijibiwa na mgeni. Udongo ukamrukia usoni. Na hasira ikamkokota mpaka kwenye jeraha la zamani, kama hasira inavyofanya ikikosa pa kwenda.

Maana Bernadine huyu huyu alikuwa ameshaishi katika nyumba hii. Binti yake Charlene alipozaliwa, Bernadine, msichana wakati huo, alikuja kumsaidia kulea, akakaa mwaka mzima. Halafu siku moja Loretta alirudi kutoka sokoni, akamkuta mtoto kitandani analia, baba yao kasimama jikoni kavaa koti lake, sufuria inachemka, na dada hayupo. Baba alisema Bernadine ameamua kwenda Duluth kwa shangazi. Hakusema zaidi, wala hakuruhusu kuulizwa. Bernadine hakuolewa. Hakukanyaga Toledo tena, hata baba alipozikwa. Loretta ndiye aliyekuwa akimwendea, kila mwaka, na kila mwaka alikuwa na swali moja, na kila mwaka Bernadine alibadilisha mazungumzo. Sasa hata akimuuliza, jibu lilikuwa linayeyuka.

Sepetu ikagonga kitu. Akamtoa Mtakatifu Yosefu, akampangusa udongo kwa pindo la gauni.

"Kwa hiyo sasa anapumua."

Mzee Odom alikuwa amevuka barabara. Alikuwa amesimama juu yake, fimbo mkononi, kofia amevua. Loretta hakukumbuka kama aliwahi kumwona bila kofia.

"Umekuja kunisimanga," Loretta akasema. "Simanga. Una haki. Nyumba yako imeuzwa, na rangi ni yangu."

"Haijauzwa. Nimewaambia wangoje."

"Wangoje nini?"

"Nijue pa kwenda. Mtu hauzi nyumba akalala barabarani." Akaitazama nyumba ya Loretta, taratibu, kuanzia paa mpaka ngazi. Zilikuwa ngazi mbili tu, fupi. "Yako haina ghorofa."

Mzee akaendelea, akitazama kofia yake. Alisema amekaa mtaa huu karibu maisha yake yote na hana hamu ya kufia mtaa mwingine. Wale vijana watamlipa vizuri. Yeye anaweza kumlipa Loretta vizuri. Sheryl aandike karatasi zote mbili kwa siku moja, afurahi, na Loretta awe Duluth kabla ya mwisho wa mwezi.

Subirini kidogo, msishangilie. Loretta mwenyewe hakuthubutu. Aliinuka polepole, magoti yamejaa udongo, akitafuta usoni mwa yule mzee mahali palipofichwa mzaha. Hapakuwa na mzaha.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nina sharti."

Hapo tena. Loretta akajua. Mwanamke hafikishi umri wake asijue mwanamume aliyevua kofia anataka nini. Alifikiria maskini ya Mungu, zile pierogi ndizo zilizomponza mzee wa watu. Akajishika nywele bila kutaka, akajipangusa udongo shavuni, akazidi kuusambaza. Akaanza kutunga moyoni maneno ya kumkatalia kwa heshima: kwamba amemheshimu, kwamba marehemu Eugene, kwamba Mbatisti na Mkatoliki.

"Bwana Odom," akaanza, "mimi ni mjane wa muda mrefu, na..."

"Unipeleke Duluth."

"Nikupeleke?"

"Gari lile lile utakalokwenda nalo. Siku moja tu, kisha nitarudi kwa basi. Nimwone Bernadine kabla hajamaliza kunisahau."

Upepo ukapita juu ya vile vipande vya mbao. Loretta alimshika Yosefu kwa mikono yote miwili.

"Wewe unamjua dada yangu?"

Mzee aligeuka, akauelekeza mlango wake kwa ncha ya fimbo, ule mlango aliougombania, ule uliokuwa uking'aa ng'ambo ya barabara kwa rangi ya watu wengine.

"Ulipoukwangua," akasema, "chini kabisa, uliona rangi gani?"

Loretta alifungua mdomo ajibu. Na kabla neno halijatoka, akaisikia sauti ya dada yake kwenye simu, ile sauti ya kumwonea huruma mjinga, na baba yao akasimama tena jikoni, kavaa koti.

"Njano," akasema.

"Aliipaka yeye," mzee Odom akasema. "Asubuhi ile ile baba yako alipovuka barabara kuja kumchukua."